Joto la Rundo la Chikichi

Salvatori alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye mchikichi kule Muhuta, na kabla hajazikwa watu walishamtafutia mke wa pili. Ndivyo habari ilivyonifikia, kwa simu, nikiwa jikoni kwangu Rumonge nageuza samaki kikaangoni: kwamba maiti imeletwa Kigwena kwa pikapu, kwamba wanaume walioileta wamesema alianguka katika shamba la mwanamke anayeishi peke yake, kwamba alikuwa akienda huko kila msimu wa kukata chikichi, na kwamba Godeliva, mke wake wa ndoa, ameacha kula. Aliyenipigia ni Mama Evelina, ambaye zamani nilipika naye kwenye shamba la Mzee Melkiade. Alinimwagia yote hayo kwa haraka ya mtu anayeogopa salio kuisha, kisha akauliza kama nitakuja. Nilimjibu kwamba sina chozi la kumlilia Salvatori. Tangu mwaka ule tuliofanya kazi pamoja sikutaka hata jina lake litajwe mlangoni kwangu, na Mama Evelina alijua kwa nini. Akasema basi njoo kwa ajili ya mke wake, huyo hajakukosea kitu.

Nikaenda, si siku ya mazishi bali siku ya guca ku mazi, tunapoondoa matanga ya kwanza. Watu hunywa pamoja, halafu msemaji wa familia husimama na kuuliza hadharani kama yupo anayemdai marehemu, au aliyebaki na kitu chake. Godeliva alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya turubai, kitenge kimemfunika mpaka kidevuni, na kila mwanamke mgeni aliyeingia uani alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. Hata mimi alinipima, na miguu yangu hii iliyovimba kwa kusimama jikoni. Mama Evelina aliniambia chinichini kwamba mjane haulizi habari ya shamba wala ng'ombe. Anataka kitu kimoja tu, kumjua mwanamke wa Muhuta ni nani, ili ajue aliishi na mume gani miaka yote hiyo. Watoto wake walikuwa hawanyanyui macho. Kule nyuma wanaume wa bia ya ndizi walikuwa wameshaanza kucheka ile cheko ya pembeni ya mdomo.

Msemaji akasimama, akauliza swali lake la kawaida. Akauliza tena, na safari hii mtu akainuka kule mwisho karibu na uzio, mwanamke mwembamba aliyejitanda kitenge cha buluu mabegani. Alipoinua uso kikombe kilinitoka mkononi, bia ikanimwagikia miguuni, na sikusikia kama ni baridi au moto. Alikuwa Jakelini. Kati ya watu wote wa dunia hii, huyo ndiye niliyedhani hawezi kamwe kukanyaga ua wa Salvatori.

Mwaka ule nilikuwa msichana niliyevuka ziwa kutoka Baraka kutafuta kazi, na Mzee Melkiade alinipokea jikoni. Tulilala chumba kimoja mimi na Jakelini, chumba kilichopakana na stoo ya mapipa ya mawese, na ukuta wa upande ule ulikuwa umelowa mafuta kwa miaka mingi mpaka umekuwa mwekundu. Shuka zetu zilinuka mawese. Nywele zetu zilinuka mawese. Nilipokwenda kanisani Jumapili nilidhani padri anajua safu yetu kwa harufu. Jakelini alitoka Muhuta na kazi yake ilikuwa kupukuchua chikichi, kuzitenga na miiba ya mkungu, na nataka nimseme kama alivyokuwa: mikono yake miwili ilifanya kazi bila yeye kuitazama. Alikuwa anakusimulia umbea wa shamba zima, anakutazama machoni, anacheka, na huku chini chikichi zinaingia kwenye beseni bila kukoma. Nilijaribu kumuiga siku moja nikachomwa vidole vyote, akacheka mpaka akalala chini.

Kwa msomaji ambaye hajakaa kwenye michikichi, lazima nieleze rundo. Mikungu ikishakatwa haipelekwi kinuni siku hiyo hiyo. Inalundikwa, inafunikwa kwa majani ya mgomba, inavundikwa siku kadhaa mpaka chikichi zilegee zenyewe. Rundo likikaa linapata joto kutoka ndani, joto zito la kudumu, na ukiingiza mkono chini ya majani unadhani umegusa mgongo wa mnyama aliyelala. Sasa sisi watu wa pwani hii malaria ni mgeni asiyebisha hodi, na baridi yake ikikukamata hakuna blanketi linalosaidia. Mtu alikuwa anameza vidonge vyake, kisha anakwenda kulala kwenye rundo, anajifukia nusu kwenye majani, meno yanatulia. Dawa ya hospitali inashughulika na ugonjwa, rundo linashughulika na baridi. Mama Evelina alilala pale. Mimi nililala pale mwezi wangu wa pili. Hatukuona kama ni desturi, wala hakuna aliyetufundisha.

Na nguruwe pori nao walilipenda rundo. Walitoka msitu wa Kigwena giza likishaingia, wakachimbua muhogo, kisha wakaja kula chikichi zilizolegea. Zamani wazee walikuwa wanawafukuza kwa kupiga madebe na kwa mbwa waliofungwa njuga shingoni, kelele tupu, na nguruwe walishaizoea. Mzee Melkiade alichoka. Alikuwa amerudi kutoka uhamishoni Tanzania na akili za kilimo cha kisasa na Kiswahili safi tulichokuwa tunakiiga kwa siri, tafadhali naomba, samahani nakuomba. Akamwajiri Salvatori, mwanajeshi mstaafu kutoka milima ya Bugarama, mwenye bunduki na kibali chake, mtu mkimya aliyekula mlangoni mwa jikoni na kusema murakoze, asante ya kwao, kwa kila kitu, hata kwa chumvi. Kisha mkwe wa Mzee aliyekuwa Ulaya akaja likizo na kisanduku cheusi, na ndani ya kisanduku darubini ya kufunga juu ya bunduki, inayoona usiku.

Haikuhitaji mwanga, mkwe alieleza, inaona joto. Jioni ile ya kwanza tulipanga foleni kuchungulia. Sijasahau mshangao wangu: giza totoro, na mle ndani ya kile kioo kidogo ziwa limelala jeusi, mbwa wa jirani anatembea mweupe kabisa, sufuria yangu ya maharage inawaka kama mwezi, na Mama Evelina, mama wa watu, amesimama pale mweupe kichwa hadi vidole hana uso. Nilirudi nyuma nikamkanyaga mtu. Jakelini alichungulia, akamtafuta kijana mmoja wa kinuni, akamkuta anakojoa nyuma ya mgomba, na kwa juma zima kijana yule hakupita jikoni. Tulicheka sana. Mama Evelina ndiye peke yake hakucheka. Alisema chombo hicho kitawaona wanawake wanaooga, na kuanzia siku ile akawa anaoga mchana. Lakini kilifanya kazi. Salvatori alikaa kwenye jukwaa la mbao juu ya kinu, na kila tuliposikia mlio mmoja wa bunduki tulijua kesho kuna nyama. Washika Sabato waligeuza uso, sisi wengine tulichoma, tukapaka pilipili, tukala na bugali, ugali wetu wa muhogo, mpaka tukashindwa kuinuka. Muhogo ulianza kusimama tena shambani. Mzee alitembea ameweka mikono nyuma.

Jioni moja tulikuwa watatu jikoni, mimi, Mama Evelina na Jakelini, tunachambua ndagala, dagaa wa ziwani, tunatoa mawe na vichwa vilivyooza. Dirisha la jikoni lilitazama barazani, na barazani Salvatori alikuwa anazungumza na Mzee. Alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba tulinyamaza ili tumsikie.

"Muzee, ile rundo iko inanifunga macho," alisema. "Mu darubini yote inakuwa nyeupe. Nguruwe akiingia mule simuone, naona tu kitu inatikisika."

"Rundo halina miguu," Mzee akamjibu, kwa upole wake wote. "Kinachotikisika pale usiku ni nguruwe. Nani mwingine?"

Salvatori akasema ndiyo, Muzee. Yeye alitoka milimani ambako hakuna mchikichi hata mmoja. Mzee alikulia kambini. Na sisi watatu ndani, ambao kila mmoja wetu alishalala kwenye rundo lile amejifukia majani, tuliendelea kutoa vichwa vya ndagala. Jakelini hata alifanya utani, akasema Salvatori anaogopa rundo litamkimbiza. Nimeirudia jioni ile mara nyingi maishani mwangu, nikiosha vyombo, nikiwa kanisani, na bado inaniacha mdomo wazi. Hatukuficha kitu. Kile unachokijua tangu utoto hukioni kama ni habari ya kumpa mtu. Ingekuwa siri, mmoja wetu angeitoa, maana jikoni kwetu hakuna siri iliyomaliza siku.

Baridi ilimkamata Jakelini wakati wa mvua kubwa. Nilimpa vidonge, nikamfunika blanketi lake na langu, nikamsikia meno yake yakigongana mpaka usingizi ukanichukua. Nilichoamshwa nacho ni mlio wa bunduki. Na hapa ndipo penye kitu ambacho sijawahi kukizoea: niliinuka nikaenda kuteleka maji. Tulikuwa tumeshafika hapo. Bunduki ikilia, mpishi anateleka maji ya moto ya kunyonyoa manyoya ya nguruwe, hasubiri kuambiwa. Niliona kitanda cha Jakelini kitupu, nikadhani amekwenda chooni. Nikapuliza moto. Nikatafuta visu. Mama Evelina akaja anapiga miayo, akauliza safari hii ni mkubwa au mdogo.

Salvatori aliingia kwa mlango wa nyuma bila bunduki. Alikuwa amembeba mtu mikononi, na majani ya mgomba yalikuwa bado yamemganda mtu huyo mgongoni.

"Mama," alimwambia Mama Evelina, "haiko nguruwe."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusema murakoze. Tulimlaza Jakelini kwenye meza ya kukatia nyama kwa kuwa haikuwepo nyingine, na maji niliyoyateleka kwa ajili ya nguruwe ndiyo tuliyotumia kumsafisha. Mwili ulikuwa unachemka kwa homa na bado alikuwa anatetemeka, na alikuwa ananieleza mimi, kwa adabu kabisa, kwamba alikuwa anavuta tu majani ajifunike vizuri. Risasi ilikuwa imevunja mkono wa kulia juu ya kiwiko. Waliteremsha mapipa ya mawese kutoka kwenye pikapu wakampakia yeye, na hospitali wakaukata mkono ule. Nilipokwenda kumtazama alikuwa anatazama dari. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea juu ya shuka peke yake, vinapukuchua.

Salvatori alichukuliwa, akahojiwa, akaachiwa, kwa kuwa kila mtu alisema ni ajali na Jakelini mwenyewe alisema hivyo. Mzee Melkiade hakuivunja darubini wala hakuitupa ziwani kama nilivyotaka. Aliifuta vioo kwa kitambaa laini, akairudisha kwenye kisanduku chake cheusi, akampa mgeni mmoja airudishe kwa mkwe wake Ulaya. Kisha akapiga marufuku mtu yeyote kulala kwenye rundo, marufuku ambayo haikumfaa tena aliyekuwa anaihitaji. Salvatori alikuja kuchukua nguo zake na akasimama mlangoni mwa jikoni, pale pale alipokuwa anakula. Aliniuliza Jakelini amepelekwa wapi, kwao ni upande gani wa Muhuta. Nikamwambia akawaulize nguruwe. Akasema murakoze, akaondoka. Mimi nami niliondoka kabla ya mwaka kwisha, nikashuka Rumonge, nikaanza kupika chakula cha kuuza. Jakelini sikumwona tena. Nilimtafuta kwa simu za watu nikaambiwa amehama, nikaambiwa ameolewa, nikaambiwa amekufa, na kila habari niliiamini kwa muda wake. Salvatori nilisikia ameoa mwanamke wa kwao Bugarama, amempeleka Kigwena, amempatia nyumba na watoto. Nilikasirika kusikia kwamba anaishi kama watu.

Sasa Jakelini alikuwa amesimama pale uani, na mimi na bia yangu miguuni. Alisalimu amahoro kwa sauti ndogo. Msemaji akamwomba ajitambulishe.

"Naitwa Jakelini, natoka Muhuta," akasema. "Ule mwanamuke munasema, ni mimi."

Cheko za nyuma zilikatika. Godeliva alisimama wima, kitenge kikaanguka mkekani, na nilidhani atamrukia. Jakelini hakurudi nyuma. Kwa mkono wake wa kushoto alifungua kile kitenge cha buluu, akakiteremsha begani, na kila mtu akaona mkono wa blauzi ulivyokunjwa na kushonwa juu ya kiwiko. Mama Evelina alipiga ukelele mfupi akauziba kwa kiganja.

"Huu mukono, Salvatori alinipiga risasi, mwaka wa ile darubini. Hakukuwa bwana yangu, mama. Alikuwa anakuja kunipandia michikichi, ananikatia mikungu, sababu miye siwezi tena kupanda. Nilimufukuza. Akarudi msimu uliofuata. Nikamufukuza tena. Kiisha nikachoka kumufukuza."

Godeliva aliuliza kwa nini hakumwambia yeye, mke wake. Jakelini akasema hilo hata yeye alimuuliza Salvatori, na jibu lake lilikuwa kwamba atasema mwaka kesho. Mwaka kesho, kila mwaka. Mume yule alikuwa amemwambia Godeliva kwamba aliacha kazi ya bunduki kwa sababu ya macho. Godeliva alisimama akiwa ameshika shavu, na nikaona anapanga upya miaka yote ya ndoa yake mle kichwani, mmoja mmoja. Mimi pia nilikuwa napanga yangu. Chuki niliyoilea muda wote huo ilikuwa imeketi peke yake, na mtu niliyeilea kwa ajili yake alikuwa ameshaacha kuihitaji zamani, na hakunitumia hata salamu.

"Baridi ikinikamata," Jakelini akaendelea, na sasa alikuwa anasema na Godeliva peke yake, "nilikuwa nalala kwa rundo. Yeye anakaa pale kando, ananichunga mupaka asubuhi. Hakulalaka hata siku moja. Siku ile ya mwisho, baridi ilinikamata mapema, na rundo ilikuwa ndogo, ilikuwa haijashika moto muzuri. Akasema anaongeza mukungu moja. Nilimwambia aache, ule wa juu kabisa haujaiva. Akasema moja tu."

Msemaji alikuwa amesimama na swali lake, anayedai na anayedaiwa, na nadhani hakujua tena amuulize nani. Godeliva aliinama akaokota kitenge chake, akakikung'uta vumbi polepole, akajifunga kiunoni.

"Na ile rundo," akauliza, "ingali na moto?"

"Ingali. Sikuigusa."

Kesho yake tulikwenda Muhuta watatu, mimi, Godeliva na Jakelini. Nyumba ya Jakelini iko juu kidogo ya barabara, chumba na sebule, sufuria zimefunikwa vizuri, panga la Salvatori limeegemezwa ukutani alipoliacha mwenyewe. Alitupa bugali na ndagala, akapika kwa mkono mmoja bila kutaka msaada, na aliponiona namtazama akacheka ile cheko yake, ndipo nikalia. Baada ya kula alitupeleka nyuma ya nyumba. Rundo lilikuwa pale, si kubwa, majani ya mgomba juu yake yamekauka pembeni. Chikichi zilishaanza kuharibika, mimi mpishi nilisikia harufu nikajua mawese yake yangekuwa makali kooni, lakini sikufungua mdomo. Godeliva alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya majani mpaka kiwikoni, akauacha humo. Kisha akageuka, akaketi chini, akaegemeza mgongo wake pale na kuvuta majani machache begani. Jakelini akakaa kando yake, uso kuelekea shambani, akachunga.